Utendi ni nini? Somo kutoka Pate, 1728

Utendi ni tungo ndefu ya Kiswahili ambayo kila ubeti wake una vipande vinne, kila kipande kina mizani (silabi) nane, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho, na cha nne kina kina kingine ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Watu wa Lamu na Pate, visiwa vya pwani ya Kenya, husema utendi, wingi tendi; Mombasa na Unguja husema utenzi, wingi tenzi. Ni neno moja, lenye mzizi wa kutenda.

Vitabu vya shule vimeleta mkanganyiko hapa. Vingine huita utendi masimulizi yoyote ya shujaa, hata yale ya mdomo yasiyo na mizani, kisha utenzi ukabaki kuwa jina la umbo la ushairi. Watunzi wa pwani hawakugawa hivyo. Kwao utendi ni umbo. Ndani yake unaweza kutia vita, kisa cha nabii, wasia wa mama kwa bintiye au mafunzo ya dini, na bado ukaitwa utendi maadamu hesabu imetimia.

Mfano mdogo, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu:

Andika bila haraka,
herufi zisokatika,
msomaji akitaka
asome bila udhia.

Karatasi ikitota,
na kalamu ikisita,
maneno utayafuta,
mwanzoni utarudia.

Vina vya ubeti wa kwanza ni -ka, -ka, -ka; vya pili ni -ta, -ta, -ta. Lakini beti zote mbili zinaishia kwa -ia. Hicho ndicho kina cha bahari, na kipande kinachokibeba huitwa kituo, kwa kuwa hapo sauti ya msomaji hutua. Usifananishe na shairi la kawaida: shairi lina mishororo ya mizani kumi na sita, iliyokatwa katikati, na vina vya kati na vya mwisho. Mshororo mmoja wa shairi una urefu wa vipande viwili vya utendi. Ndiyo maana utendi huenda mbio, na ndiyo maana hadithi ndefu hupendelea umbo hili: mtunzi anatafuta vina vitatu tu, anatua, kisha yuko huru kuchukua vingine.

Hesabu ya mizani huwapotosha wengi mahali pawili. Kwanza ni m na n. Katika «msomaji» m inasimama peke yake na ni mizani kamili: m-so-ma-ji, nne. Katika «andika» n imeshikana na d, kwa hiyo ni a-ndi-ka, tatu. «Mtu» ni mbili, «nchi» ni mbili. Pili ni irabu zinazokutana. «Udhia» ni u-dhi-a, tatu. «Mwanzoni» ni mwa-nzo-ni, tatu pia, kwa sababu w imeimeza irabu. Mtunzi wa zamani akihitaji mizani moja zaidi aliweza kusema «muwana» mahali pa «mwana», na hakuna aliyemlaumu. Njia ya uhakika ni kupiga kofi kwa kila silabi huku ukisoma kwa sauti. Macho hudanganya.

Uhuru huo una majina. Kufupisha neno ni inkisari: «zisokatika» hapo juu ni «zisizokatika» iliyopunguzwa, maana kamili ingezaa mizani tisa. Kurefusha ni mazida. Kubadili sauti ili kina kipatane, bila kuongeza wala kupunguza mizani, ni tabdila. Na kupangua mpangilio wa maneno huitwa kuboronga sarufi, jina kali kuliko kosa lenyewe. Vyote vinaruhusiwa kwa kiasi. Utendi wenye inkisari katika kila kipande unaonyesha mtunzi aliyeshindwa na umbo.

Sasa Pate. Mwaka 1728 ndiyo tarehe inayohusishwa na Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, wa Mwengo wa Athumani, mtunzi wa Pate wa zama za masultani Wanabahani. Ni mmoja wa tendi za kale kabisa tulizo nazo kwa Kiswahili, na una beti zaidi ya 1,100. «Chuo» katika jina hilo maana yake ni kitabu. Hiyo ndiyo maana ya kale ya neno, na mahali pa kusomea vyuo pakaitwa chuo baadaye. Kwa lahaja ya huko ni «kyuo kya Herekali».

Herekali ni Heraclius, mfalme wa Rumi ya mashariki aliyetawala kuanzia 610 hadi 641. Tambuka ni Tabuk, kaskazini ya Bara Arabu, ambako Mtume Muhammad aliongoza jeshi mwaka 630, mwaka mmoja baada ya vita vya Muta alikouawa Jaafar bin Abi Talib. Kwa wanahistoria, Tabuk hapakupiganwa vita vikubwa. Katika utendi vinapiganwa, tena kwa kirefu, na mashujaa wanatajwa mmoja mmoja. Mtunzi alikuwa akifuata hadithi za maghazi, yaani vita vya Mtume, zilizosimuliwa kwa Kiarabu, na kazi yake ilikuwa kumfanya msikilizaji wa Pate asikie panga. Anayeusoma kama kumbukumbu ya kijeshi ya karne ya saba ameukosea adabu.

Pate yenyewe haikuwa shwari. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Mwaka huohuo wa 1728 Wareno waliirudia, Pate ikiwa upande wao, na 1729 wakatolewa tena. Kuandika Kiswahili hakukuwa jambo geni wakati huo: barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati ya Kiarabu, zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Goa, India. Zile ni nathari, shughuli za watu na watu. Utendi ni kazi ya aina nyingine, lakini kalamu na hati ni zilezile, na kwenye hati ndiko yaliko matatizo ya kweli ya msomaji.

Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi: fatha, kasra na dhamma. Kiswahili kina irabu tano. Kasra ikabeba i na e, dhamma ikabeba u na o. Konsonanti nazo hazikutosha. Kabla ya herufi za nyongeza kuenea, ba iliweza kusomwa b, p au mb. Fa ikawa f au v. Ghaini ikawa gh, g au ng. Dali ikawa d au nd. Ukiona ba yenye fatha na ta yenye fatha, huwezi kujua kwa macho kama ni «bata» au «pata». Hata jina Tabuk na Tambuka, kwa hati hiyo, yamekaa jirani sana.

Hapa ndipo umbo la utendi linapofanya kazi isiyotajwa sana darasani: linamlinda msomaji. Chukua neno lenye kafu na kasra, kisha ta na dhamma. Ni «kitu» au «kito»? Likiwa mwisho wa kipande, tazama wenzake wawili. Wakiwa «watoto» na «mato», yaani macho kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, basi ni «kito». Wakiwa «watu» na «yetu», ni «kitu». Wenzake nao wameandikwa kwa dhamma ileile, lakini inatosha mmoja awe neno lisiloweza kusomwa vingine.

Anayeketi mbele ya mswada wa namna hiyo huanza kwa kutafuta kina cha bahari. Asome vituo vya beti kumi hivi bila kujali maana. Kitajitokeza chenyewe, na mara nyingi ni -iya au -wa. Kisha akate kila ubeti vipande vinne. Waandishi wengi waliuandika ubeti mzima kwa mstari mmoja mrefu na kutenga vipande kwa alama ndogo, hivyo mtu anayesubiri mistari minne mifupi atapotea ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo ahesabu mizani, ndipo achague irabu za vina, na maneno ya katikati ya kipande ayaache mwisho kabisa, yaamuliwe na maana.

Kinga hiyo ina mipaka. Vina hulinda mwisho wa kipande tu. Mizani nayo haioni tofauti ya «bawa» na «mbawa», kwa kuwa mb ni sauti moja iliyoshikana na yote mawili ni mizani mbili. Hapo hesabu haikusaidii hata kidogo. Unahitaji kuijua lahaja na kuijua hadithi.

Makosa mabaya zaidi hayatoki kwa mtunzi bali kwa mnakili. La kwanza ni kuruka: jicho linatoka kwenye kina -ni cha kipande cha kwanza na kutua kwenye -ni cha kipande cha pili, na kipande cha pili kinapotea. Hilo hugundulika haraka, ubeti unakuwa na miguu mitatu. Kuruka ubeti mzima ni vigumu kugundua, kwa sababu kituo cha kila ubeti kinafanana na cha mwingine. Dawa ya wazee ilikuwa kutaja idadi ya beti katika tamati. Katika tendi nyingi, beti za mwisho hutaja jina la mtunzi, tarehe, hesabu ya beti, na ombi kwamba msomaji arekebishe palipokosewa na amwombee dua. Watu huzisoma haraka kama adabu tu, ilhali ndizo risiti ya kazi nzima.

Kosa jingine ni la mnakili wa kusini anayenyoosha lugha. Utendi wa Pate una «nti» kwa nchi, «ndia» kwa njia, «mato» kwa macho, «mbee» kwa mbele. Akiandika «macho» mahali pa «mato», kina na «watoto» kimekufa. Akiandika «nchi» mahali pa «nti», haiendi tena na «miti». Wahariri wa kisasa wanaosawazisha maneno ili wanafunzi waelewe hufanya kosa lilelile kwa nia njema. Afadhali neno la kale libaki na maana yake iwekwe pembeni.

Tarehe nayo isomwe kwa uangalifu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo mmoja haukai sawasawa juu ya mwingine. Mwaka 1141 wa Hijria ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Tena mswada unaweza kuwa na tarehe mbili, ya kutunga na ya kunakili, na iliyo chini kabisa ya ukurasa wa mwisho kwa kawaida ni ya pili.

Utendi wa Tambuka ulifika mikononi mwa wataalamu wa Ulaya kupitia miswada iliyopelekwa Hamburg. Carl Meinhof aliuchapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na Jan Knappert akaufanyia kazi ya shahada iliyotoka 1958. Kuusoma kimya kwenye karatasi iliyochapwa, hata hivyo, ni kuuona nusu. Ubeti una mizani 32. Msomaji anayeghani bila papara, akitua kwenye kila kituo, hutumia kama sekunde kumi kwa ubeti mmoja. Beti 1,100 ni zaidi ya saa tatu za sauti, bila kuhesabu kikombe cha kahawa katikati.