Kodlesi inakata tena: yanayosemwa na yaliyo kweli

Simu ya mezani isiyo na waya, yaani kodlesi, ikianza kukatakata, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya simu. Mara nyingi kampuni haihusiki hata kidogo; shida iko ndani ya mkonga wenyewe (ile sehemu unayoshika mkononi), au mahali kilipowekwa kitako chake, kile kinachochomekwa kwenye laini ya simu.

"Betri inaonyesha imejaa, kwa hiyo ni nzima."

Hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Unanyanyua mkonga kutoka kwenye chaja, kioo kinaonyesha vibao vitatu, unapiga, na kabla hamjamaliza kujuliana hali unasikia ti-ti sikioni. Kibao kimoja, kisha kimya. Alama ile haipimi chaji iliyomo, bali inakisia kwa kuangalia volti. Betri iliyochoka hupanda volti upesi ikiwa kwenye chaja, na huanguka upesi vilevile ikianza kufanya kazi. Betri za NiMH (aina ya betri za kuchaji), ambazo ndizo huja na simu nyingi za siku hizi, kwa kawaida huanza kuzeeka baada ya miaka 2 au 3. Badilisha betri kwanza, ndipo ufikirie kununua simu nyingine.

"Betri ni betri tu, weka zile za rimoti."

Umbo ni lile lile la AAA, na hapo ndipo hatari ilipo. Betri ya NiMH ina volti 1.2, ya rimoti ina 1.5 na haikutengenezwa ichajiwe. Ukirudisha mkonga kwenye chaja, simu itaanza kuichaji bila kukuuliza, nayo inaweza kuvuja au hata kupasuka. Nunua zilizoandikwa NiMH na ubadilishe zote mbili kwa mpigo, usichanganye mpya na kuukuu. Zenye mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) nyingi kuliko za awali hazina madhara, ila zinachelewa kujaa. Chaji ya kwanza usiihukumu baada ya saa mbili. Vijitabu vingi vya simu hizi hutaka hadi saa 16.

"Usiache mkonga kwenye chaja, utaua betri."

Ushauri huu ni masalio ya enzi za betri za NiCd, aina ya zamani ya betri za kuchaji, ambazo zilikuwa zikipoteza nguvu kwa kuchajiwa nusunusu kila siku. Za NiMH hazina usumbufu mkubwa wa namna hiyo, na chaja imetengenezwa mkonga ulale humo. Kwa sisi wa Pwani, adui wa kweli ni hewa ya chumvi. Chungulia zile pini mbili ndogo za chaja: zikiwa zimefifia au zimeota ukijani, mkonga unakaa usiku kucha bila kupata umeme. Chomoa adapta, futa pini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ziache zikauke. Msasa usiguse, unakwangua madini yaliyopakwa juu.

"Nikiongeza mkonga wa pili, mawimbi yatafika mbali."

Kile kidude kinachokuja na mkonga wa pili ni chaja tu, hakirushi chochote. Mikonga yote huzungumza na kitako kilichochomekwa kwenye laini. Simu za DECT (mfumo wa mawimbi unaotumiwa na kodlesi nyingi za siku hizi) hufika takriban mita 50 ndani ya nyumba na mita 300 mahali pa wazi, lakini jaribu katika nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye kuta za mawe zenye unene wa nusu mita. Kiinue kitako, kiweke katikati ya nyumba, mbali na friji. Waifai huvuruga zaidi simu za zamani zinazotumia mawimbi ya 2.4 GHz, yale yale ya Waifai.

Ikiwa unasikia mvumo, chomeka simu ya kawaida ya waya kwenye tundu lile lile. Mvumo ukiwepo hata hapo, sasa unayo haki ya kuilaumu kampuni. Simu hiyo ya waya usiitupe: umeme ukikatika, kitako cha kodlesi hufa nacho.

"Ya kutoka Marekani ni bora, badilisha adapta tu."

Adapta ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 huungua, hilo mafundi wanalijua. Lisilojulikana ni masafa ya mawimbi ambayo simu hutumia. Simu za Marekani zenye maandishi DECT 6.0 (hiyo 6.0 ni jina la biashara, si gigahezi) hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Kwetu, kama Ulaya, DECT ni 1880 hadi 1900 MHz, na kuanzia 1920 ndipo minara ya 3G husikiliza simu za mkononi. Kwa hiyo kodlesi yako itafanya kazi vizuri kabisa, huku majirani wakilalamika kuwa mtandao unasumbua. Ndugu yako akitaka kukutumia moja, aangalie kwanza kibandiko chini ya kitako. Akikuta DECT 6.0, aiache huko huko.