Aliyejidhuru akitoka hospitalini: maswali ya jamaa Kisumu na Nakuru

Swali: Ndugu yetu alijidhuru, akalazwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi, tunayoiita Russia, hapa Kisumu, sasa yuko nyumbani. Si yameisha?

Jibu: Kidonda kimepona, hatari bado. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba kati ya watu 100 wanaofika hospitalini kwa kujidhuru, kama 16 hurudi na tatizo lilelile ndani ya mwaka, na 1 au 2 hujitoa uhai. Ikifika miaka 5, waliojitoa uhai ni karibu 4. Basi wengi sana huishi, na mama mzazi aambiwe hilo kwanza. Ila kwa mtu ambaye hajawahi kujidhuru hatari hii ni ndogo mno, ndiyo maana hatumwachi huyu akajisimamia peke yake. Wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi.

Swali: Kuna hatari nyingine?

Jibu: Ipo, na husahaulika. Huko Uingereza, watu zaidi ya 30,000 waliotibiwa Oxford, Manchester na Derby walifuatiliwa kwa miaka. Hata vifo vya maradhi ya kawaida, kama ya moyo, vilizidi matarajio angalau mara mbili. Umaskini, pombe na msongo wa mawazo huumiza mwili pia. Akienda kliniki ya akili, apimwe na presha.

Swali: Tukimuuliza kama bado anawaza kufa, hatutamchochea?

Jibu: La. Muulizeni wazi, mkiwa faragha, bila mahubiri. Wengi hupata nafuu mtu akithubutu kuuliza.

Swali: Sisi si madaktari. Tufanye nini?

Jibu: Msimwache akapotea. Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo rahisi katika nchi 5, zikiwemo India na Sri Lanka: mazungumzo ya saa moja kabla mgonjwa hajatoka, kisha kumpigia simu au kumtembelea mara 9 katika miezi 18. Waliofuatiliwa hivyo, waliojitoa uhai walikuwa kama 2 kwa 1,000. Waliopata huduma ya kawaida tu, kama 22. Huku kwetu tunafurika wodini na mkate na soda, halafu wiki ya tatu hakuna anayebisha hodi. Gawaneni zamu: shangazi Jumapili, rafiki katikati ya wiki, na mhudumu wa afya wa kijiji ajue. Dawa za shamba na za hospitali zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mwingine. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupita, na kufuli humpa muda lipite.

Swali: Jirani anasema polisi watamshika.

Jibu: Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kinakiuka Katiba. Msimfiche kwa hofu hiyo. Akisema anataka kufa leo, mkae naye na mmpeleke hospitali iliyo karibu. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za ushauri bila malipo kwa 1199.