Inflamesheni si maambukizi, wala si uvimbe wa kupasuliwa

Mzee mmoja wa kutoka Ahero alinijia dirishani pa maabara, hapa Kisumu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Shingo inamkaza, vidole vinakufa ganzi, na siku hizi vifungo vya shati anafungiwa na mjukuu. "Mwanangu," akasema, "damu yangu ina maambukizi. Nimemaliza dozi tatu za antibiotiki na bado haijasafika." Nikaikunjua karatasi. Neno maambukizi halikuwemo. Kilichoandikwa ni CRP 9 (CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni), na mpaka wa kawaida wa maabara iliyompima ulikuwa 5.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu amekwisha kunywa dawa asiyoihitaji.

Inflamesheni ni jinsi mwili unavyojibu ukiumia au ukichokozwa: mishipa midogo ya damu hupanuka, maji na chembe nyeupe huelekea penye shida, ukarabati huanza. Maambukizi ni kijidudu kuingia mwilini na kuzaana. Kijidudu huleta inflamesheni, ndiyo, lakini huletwa pia na kifundo kilichoteguka, gauti, mafuta mengi ya tumbo, au kinga ya mwili inapomgeukia mwenyewe.

Tatizo liko kwenye majina. Kwa Kilatini, asili ya neno inflamesheni ni kuwasha moto. Celsus wa Roma, katika karne ya 1, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Neno alilotumia kwa uvimbe ni tumor, lile lile ambalo baadaye lilitwikwa saratani. Sisi nasi tumepita njia hiyo hiyo. Nundu ya kujigonga mlangoni ni uvimbe, wa kwenye kizazi ni uvimbe, wa kwenye ubongo ni uvimbe, na inflamesheni nayo tumeiita uvimbe. Mama akiambiwa "kipimo kinaonyesha uvimbe" anaanza kujipapasa akitafuta kinundu, na usiku halali. Kitenzi kuwasha kingetufaa sana, maana moto huwashwa na pilipili huwasha, ila mwasho tayari ni wa upele. Kwa hiyo nimebaki na inflamesheni, japo ni la kukopa.

CRP yenyewe ilizaliwa na jina la kupotosha. Tillett na Francis waliigundua New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na ile C ni ya sukari iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia. Protini yenyewe, hata hivyo, hutengenezwa na ini letu, na ini halichagui: likipata ujumbe kwamba kuna moto mahali, linaitoa, kuwe na kijidudu au kusiwe. Kwetu huku malaria peke yake huipandisha.

ESR, kipimo kingine cha inflamesheni, nayo ina mambo yake. Damu husimamishwa katika mrija mwembamba kwa saa 1, chembe nyekundu zikizama na kuacha maji ya manjano juu, nasi tunasoma zimeshuka milimita ngapi. Upungufu wa damu huzizamisha haraka, ujauzito pia. Mwenye selimundu husomeka chini hata akiwa mgonjwa, kwa sababu chembe zake haziwezi kupangana kama sarafu ili zizame haraka. Namba ni ile ile, chanzo hakijulikani mpaka mtu achunguzwe.

Sasa turudi shingoni kwa mzee. Nyuma ya pingili za uti wa mgongo, ndani ya mfereji wake, inateremka kano ndefu inayopakana na neva kuu. Kwa baadhi ya watu kano hiyo hugeuka mfupa polepole na kuibana neva. Wajapani ndio walioichunguza zaidi, na wamekuta CRP ya wagonjwa hao, ikipimwa kwa kipimo nyeti, iko juu kidogo kuliko ya wengine. Huo ni wastani wa kundi. Isitoshe, wengi wao wana kisukari au uzito mkubwa, na mafuta ya mwili nayo huliamsha ini. Kama moto huo mdogo ndio unaojenga mfupa, au unawaka kando tu, CRP pekee haiwezi kutuambia. Anayeonyesha mfupa waziwazi ni skani ya CT.

Nilimwambia mzee aseme hivi: kipimo cha inflamesheni kimepanda kidogo. Asiseme damu ina maambukizi, asije akauziwa dozi ya nne. Tena asingoje, vidole vikianza kushindwa na vifungo, daktari anapaswa kujua wiki hiyo hiyo. Nikamwomba akifika kliniki aanze na habari ya shati, kabla hajaitoa karatasi mfukoni.