Kache ya faili kwenye seva ya Unix: lini ni kosa, na lini si kosa

Msimamizi mgeni anaingia kwenye seva ya Linux yenye RAM ya GB 16, anaandika `free -h`, na moyo unamruka: safu ya `free` inasema zimebaki MB 300. Seva yenyewe haina kazi ya maana. Anaanza kuwinda programu inayovuja kumbukumbu, anazima hii, anawasha ile, na namba haisogei.

Kwa kawaida hakuna kinachovuja. Nafasi hiyo imeshikwa na kache ya faili, yaani nakala za vipande vya faili ambazo kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) imeziacha kwenye RAM ili isilazimike kurudi diskini kila zinapoombwa. Hata diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka ni kobe mbele ya RAM. Basi programu ikisoma faili, kerneli huipakia RAM kurasa kwa kurasa (kwenye prosesa za x86 ukurasa mmoja huwa baiti 4096), huipa programu ilichoomba, kisha huziacha kurasa hizo palepale. Atakayeiomba faili ileile baadaye hujibiwa papo hapo. Programu zikidai nafasi, kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda hutolewa bila mtu kuambiwa. RAM iliyokaa tupu haimsaidii yeyote, na kerneli inalijua hilo.

Safu ya kuangalia, kwa hiyo, ni `available`. Hiyo ndiyo makadirio ya kerneli yenyewe kuhusu kiasi ambacho programu mpya inaweza kupata bila seva kuanza kukimbilia swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa. Namba hiyo iliingizwa kwenye kerneli ya Linux toleo 3.14, mwaka 2014. Kabla ya hapo watu walijumlisha wenyewe, na walikosea.

Kuna dawa moja inayosambazwa sana: kuandika 3 kwenye `/proc/sys/vm/drop_caches`, tena kwa kuipanga kwenye cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, ifanyike kila saa. Huko ni kutwanga maji kinuni. Kache inamwagwa, namba zinapendeza kwa dakika chache, halafu kila programu inarudi kusoma diskini upya na watumiaji wanaanza kulalamika kwamba mambo ni mazito. Amri hiyo ina kazi yake halali, hasa unapopima kasi halisi ya diski na hutaki kache ikudanganye. Haikutungwa iwe matengenezo ya kila siku.

Makosa ya kweli yako upande wa kuandika.

Programu ikiandika kwenye faili, kerneli hujibu "tayari" mara tu data inapofika kwenye RAM. Ukurasa uliobadilishwa namna hiyo na bado haujafika diskini huitwa ukurasa mchafu. Linux, kwa mipangilio ya kawaida, huamka kila sekunde 5 na kupeleka diskini kurasa chafu zilizozidi umri wa sekunde 30. Unix za zamani zilikuwa na programu ndogo iitwayo `update` iliyoita `sync` kila sekunde 30 kwa sababu hiyohiyo. (Wakongwe walikuwa na mazoea ya kuandika `sync` mara tatu kabla ya kuzima mashine. Si uchawi: amri hiyo zamani ilirudi kabla kazi haijaisha, na muda wa kuiandika tena ulisaidia.) Umeme ukikatika katikati ya sekunde hizo, kilichokuwa kichafu kimepotea, ingawa programu iliambiwa mambo ni shwari. Ndiyo maana programu ya hifadhidata haitosheki na jibu la "tayari". Huita `fsync` na kungoja mpaka data ifike diskini kweli.

Sasa chukua seva yenye RAM ya GB 256 na diski inayoandika MB 200 kwa sekunde. Kwenye Linux, kwa kawaida, `vm.dirty_background_ratio` (kiwango ambacho kerneli huanza kupeleka kurasa chafu diskini kimyakimya) ni 10 na `vm.dirty_ratio` (kiwango ambacho huwazuia wanaoandika) ni 20, asilimia ya kumbukumbu inayopatikana. Kurasa chafu zinaweza kufika karibu GB 50 kabla ya kerneli kuwakaba waandikaji. Kuzimaliza kunachukua zaidi ya dakika nne, na muda huo programu zinazotaka kuandika zinakwama. Kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, utaona malalamiko kwamba kazi fulani imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120. Wengi hudhani diski imekufa. Haijafa, imebebeshwa mzigo wa ghafla. Tiba ni kuacha asilimia na kuweka viwango vya baiti: `vm.dirty_background_bytes` MB 256, `vm.dirty_bytes` GB 1, ziandikwe kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` zisipotee seva ikiwashwa upya. Namba hizo ni za kuanzia tu. Ujazo wa kurasa chafu kwa wakati huo utauona kwenye mstari wa `Dirty` ndani ya `/proc/meminfo`.

Baya kuliko hilo ni diski kukataa kuandika wakati programu ilishaambiwa "tayari". Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, waligundua kwa uchungu kwamba kwenye Linux, `fsync` ikishindwa, kosa huweza kutajwa mara moja tu, kisha ukurasa uliogoma kuandikwa unahesabiwa kuwa msafi. Programu ikiita `fsync` tena inajibiwa kwamba kila kitu kimekamilika, na data haipo diskini. Tangu 2019 PostgreSQL hujiangusha yenyewe `fsync` inaposhindwa, ikajijenge upya kutoka kwenye logi yake, yaani daftari la mabadiliko. Nami naona huo ndio uamuzi wa busara. Ukikuta kwenye `dmesg` maneno `lost async page write`, usijaribu tena na tena ukitumaini litapita. Simamisha programu zinazoandika, nakili kinachosomeka mahali pengine, tazama afya ya diski kwa `smartctl -a`, na uendeshe `fsck`, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, baada tu ya kuushusha mfumo huo (`umount`). Kuendesha `fsck` ya kurekebisha juu ya mfumo wa faili ulio kazini ni kuongeza kidonda juu ya kidonda, kwa sababu kerneli bado inaamini kache yake huku wewe ukibadilisha diski chini yake.

Kwenye NFS, njia ya kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao, shida ni ya kuchakaa. Mashine mteja hukumbuka sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, kwa hiyo inaweza kuendelea kuona hali ya zamani kwa muda mfupi. Ujumbe `Stale file handle` nao humaanisha kwamba faili iliyokuwa imeshikwa imefutwa au kubadilishwa upande wa seva. Aghalabu kushusha mfumo huo wa faili na kuupandisha tena hutosha.

Na kuna wanaohesabiwa pasipo pao. Faili zilizo kwenye tmpfs (mfumo wa faili unaokaa ndani ya RAM), kama `/dev/shm`, huonekana ndani ya safu ya kache lakini hazimwagiki, kwa kuwa hazina nakala diskini. Zitazame kwenye mstari wa `Shmem` ndani ya `/proc/meminfo`. ZFS, mfumo mwingine wa faili, kwenye Linux hufanya kinyume: kache yake, ARC, huonekana kama kumbukumbu iliyotumika, na mtu huweza kupoteza siku nzima akimtafuta mwizi asiyekuwepo. Ikikubana, weka kikomo kwa `zfs_arc_max`.