Karo Lako, Kisima cha Jirani: Maswali Niliyoulizwa Chini ya Mwembe

Masika yalikuwa hayajakata nilipokaa na wakazi wa kitongoji kimoja huko Zinga, Bagamoyo, kuzungumza juu ya maji. Wengi wao wamenunua viwanja miaka ya karibuni, wamejenga, na wakachimba kisima na karo, yaani tangi la maji taka ya chooni, ndani ya uzio uleule. Wiki ile watoto kadhaa walikuwa wanaharisha. Mimi ni bibi afya, na maswali nayaandika kama yalivyoulizwa. Majibu nimeyaongezea pale ambapo mvua ilitukatisha.

Shikamoo bibi afya. Kisima kikae umbali gani na choo?

Marahaba. Mita 30, zisipungue. Kama huna futi ya kupimia, hesabu hatua 40 za mtu mzima anayetembea kawaida. Pima kutoka pale maji machafu yanapoingia ardhini, yaani ukingo wa shimo la kunyonyea au shimo la choo, usipime kutoka mlango wa choo.

Kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wengi hukiruka. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, na maji hayo yapimwe wakati wa masika. Fundi akichimba mwezi wa 9 atakuonyesha udongo mkavu na utamwamini. Njoo mwezi wa 4, maji yamepanda, shimo limezama ndani yake. Hapo hakuna udongo wa kuchuja tena, kinyesi kimewekwa moja kwa moja kwenye maji ambayo kisima kinayateka.

Kiwanja changu ni 20 kwa 20. Hizo mita 30 nitazitoa wapi?

Swali hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Chukua kiwanja hicho, weka kisima kona moja na karo kona inayotazamana nayo, kisha vuta kamba kutoka kona hadi kona. Utapata mita 28 na sentimita 28. Ndani ya uzio wako mita 30 hazimo, hata ukihamisha nyumba.

Na ona linalofuata. Karo ukishalisukuma kona ya mwisho ili liwe mbali na kisima chako, umelisogeza kwa majirani watatu wanaopakana na kona ile. Wewe umepona, wao je?

Siku ile niliwaomba wenye viwanja vinne wasogee, tukachora ramani mchangani kwa kijiti. Kila karo tukaliwekea kifuu cha nazi, kila kisima kokwa la embe. Mama mmoja alipoweka kokwa lake, likakaa katikati ya vifuu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Alilitazama muda mrefu. Karo lake mwenyewe alikuwa amelipeleka mbali kabisa, kwa gharama, na kila siku alikuwa akiteka maji katikati ya makaro ya wenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla fundi hajashusha sululu, ongea na wanaokuzunguka. Visima vya safu mbili za viwanja viwekwe upande mmoja, makaro upande mwingine. Au watu wanne au watano mchange mchimbe kisima kimoja mahali palipo salama. Na pale bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, lilipofika, unganisha maji ya kunywa na kupikia, kisima kikubakie kwa bustani na kusafishia choo. Najua kuunganisha ni fedha. Lakini kisima nacho ni fedha, na homa ya matumbo ikiingia nyumbani inakula fedha vilevile.

Mbona bibi zetu walikunywa maji ya visima miaka yote, na choo kilikuwa uani?

Walikunywa, na wengine waliugua na kufa kwa kuhara bila mtu kujua sababu. Ila kuna tofauti tatu ambazo ni za kweli.

Zamani nyumba ilikuwa moja katikati ya minazi, ya pili iko mbali. Leo mtaa mzima umebanana. Zamani choo cha shimo kilikuwa kikavu. Leo tunavuta maji, na kila ukivuta zinashuka lita 6 au zaidi. Watu 6 wakienda mara 4 kwa siku ni lita 144, bado maji ya kuoga na kufulia. Maji hayo ndiyo yanayosukuma vijidudu kwenda mbali.

La tatu ni ardhi yenyewe. Mchanga laini ni chujio zuri: maji hupita polepole, vijidudu hunaswa au hufa njiani. Lakini pwani yetu ina jiwe la matumbawe chini ya mchanga, jiwe lilelile walilojengea msikiti wa kale wa Kaole. Lina nyufa na matundu. Maji machafu yakipata ufa hayachujwi, yanapita kama ndani ya bomba, na hata mita 30 huenda zisitoshe. Fundi akikutana na jiwe hilo wakati wa kuchimba shimo la kunyonyea, asimame. Asishangilie kwamba "hapa maji yatanyonywa haraka."

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1854, London, kipindupindu kiliua mamia ya watu waliokuwa wanakunywa maji ya pampu moja ya mtaani. Baadaye walipofukua, walikuta shimo la maji taka la nyumba ya jirani limeoza kuta zake, na kati yake na kisima haikufika hata mita 1.

Maji yangu ni meupe, hayana harufu wala chumvi. Bado nina wasiwasi wa nini?

Kwa sababu kinachoua hakionekani. Kipimo cha kwanza cha maabara ni bakteria wa E. coli, wanaoishi ndani ya utumbo wa watu na wanyama. Katika mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane hata mmoja. Akipatikana, maana yake kinyesi kimefika, na kilipofika kinyesi, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A vinaweza kufika pia.

Kuna na nitreti, kemikali inayotokana na mkojo na kinyesi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 50 kwa lita. Hatari yake kubwa ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo: damu inashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha vinakuwa vya bluu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kina mama. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi nitreti. Maji yakipungua sufuriani, inazidi. Kama kisima kimezungukwa na vyoo, maji yake yasiingie kwenye chupa ya mtoto hadi yapimwe.

Fundi anasema karo lisisakafiwe chini, la sivyo litajaa haraka. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huo umeharibu visima vingi.

Karo na shimo la kunyonyea ni vitu viwili. Karo ni tangi lisilovuja: zege chini, kuta za tofali zilizopigwa lipu ya maji, vyumba viwili, mfuniko wenye mlango wa kukagulia. Vizito vinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kupitia bomba lenye umbo la T ambalo mdomo wake uko chini ya utando. Yanakwenda shimo la kunyonyea, na hapo ardhi inamalizia kazi. Hata yakitoka karoni bado yamejaa vijidudu, ndiyo maana ardhi ile isiwe karibu na kisima.

Karo lisilovuja siku zote limejaa maji, limejengwa hivyo. Kinachotazamwa ni tope. Shusha fito ndefu uone lilivyo: likifika theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya. Karo "lisilojaa kamwe" miaka 15 si karo zuri. Linavuja.

Na mtu asiingie ndani kulisafisha, hata likionekana tupu. Hewa yake inaua, na mara nyingi anayeingia kumwokoa wa kwanza anafia humohumo.

Mvua ikinyesha usiku kuna jirani anatapisha choo, maji taka yanatiririka nje. Tumfanyeje?

Anzeni kwa kumwendea, watu wawili watatu wa heshima. Pengine hana fedha za gari la kunyonya, na mtaa unaweza kumsaidia. Asiposikia, nendeni kwa mtendaji na afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kumtaka mtu aondoe kero inayohatarisha afya. Kumwaga maji taka kwenye mazingira ni kosa pia kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Na vibali?

Kwa kisima kirefu cha mashine, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na umtumie mchimbaji mwenye leseni. Ramani ya nyumba, pamoja na karo, inapita halmashauri. Aliye karibu na bahari au mto akumbuke asijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, sheria ya mazingira imezizuia.

Mimi nimeshajenga. Kisima na karo vimeachana mita 12. Nifukie?

Usifukie leo, ila acha leo hii kunywa maji yake hivihivi. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, au tia kidonge cha klorini kama pakiti inavyoelekeza na usubiri dakika 30.

Kisha tengeneza unachoweza. Mdomo wa kisima uinuke juu ya ardhi, uwe na mfuniko, na uzungukwe na sakafu ya zege yenye mfereji wa kupeleka maji mbali. Nimewahi kupiga magoti kwenye kisima kimoja baada ya mvua, nikamulika tochi ndani: tofali za upande wa kusini kavu, za upande wa choo zinatoa jasho, na chini yake mstari mweusi wa utelezi. Ukiona hivyo, shimo la kunyonyea lihamishwe. Bomba linaweza kuyapeleka maji upande mwingine wa kiwanja huku karo likibaki pale lilipo, mradi halivuji. Kumwaga klorini kisimani kunasafisha yaliyomo siku hiyo tu. Shimo likiendelea kuvuja, uchafu unarudi.

Sampuli ya maji nibebe kwenye chupa ya soda?

Hapana. Chukua chupa iliyotakaswa kutoka maabara yenyewe, usiguse mdomo wake kwa ndani wala kuisuuza. Iweke kwenye barafu, na uifikishe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Nenda mvua kubwa zikiwa zimeshanyesha. Na kama majirani wanapima pia, mchangie usafiri, kila chupa iandikwe jina la kisima chake.