Je, wajua kwa nini migahawa ya Kithai imejaa duniani?

Ukiuliza, wengi watakujibu kwamba Wathai wamehama kwa wingi na kuondoka na mapishi yao. Jibu hilo linawafaa Wachina na Wahindi, lakini kwa Wathai halitoshi. Nchini Marekani, wenye asili ya Mexico ni makumi ya mamilioni, ilhali wenye asili ya Thailand ni laki chache tu. Hata hivyo, ni nadra kukosa pad thai, yaani tambi za mchele za kukaanga za Kithai, katika mji wowote mkubwa wa huko. Ni kweli wapo wahamiaji waliofungua migahawa kwa jasho lao, tena mapema, ila uchache wao hauelezi wingi huu wote.

Mwaka 2002, serikali ya Thailand ilizindua mpango ulioitwa Global Thai. Wakati huo migahawa ya Kithai ng'ambo ilikadiriwa kuwa 5,500, na lengo likawa kufikia 8,000 mwaka uliofuata.

Serikali ilifanya kama mzazi anayemfungulia mwanawe duka: humpa mtaji, humfundisha kazi, humwonyesha pa kununulia bidhaa, kisha humdhamini kwa majirani. Mtaji ulikuwa mikopo ya benki za serikali. Wapishi walipewa mafunzo na vyeti. Wizara ya Biashara nayo hutoa nembo ya Thai Select kwa mgahawa unaopika kwa ladha ya kwao. Hata viza ziliingia: mkataba wa kibiashara na New Zealand, ulioanza kutumika mwaka 2005, uliwatengea nafasi wapishi wa Kithai wenye cheti. Hebu fikiria, wanadiplomasia mezani wakimpigania mpishi! Faida ilirudi nyumbani, kwa kuwa kila jiko jipya lilihitaji mchele, sosi ya samaki na viungo kutoka Thailand.

Pad thai yenyewe ina siasa ndani yake. Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu kuanzia 1938 hadi 1944, ndiye aliyehimiza tambi za mchele zilizokaangwa ziwe chakula cha taifa, ingawa ufundi wa kuzikaanga ulitoka kwa Wachina. Nani hasa alibuni mapishi hayo, wanahistoria bado wanabishana.

Tusiupe mpango sifa zote. Watalii walikuwa wakirudi makwao na hamu ya tui la nazi na mchaichai miaka mingi kabla ya 2002. Serikali ilikuta moto umeshawaka, ikauchochea. Korea Kusini ilianza mpango kama huo mwaka 2009.