Maziwa yamekatika, nani alaumiwe? Dhana potofu kuhusu chai

"Maziwa yamekatika, basi yalikuwa mabovu." Si lazima. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Ukiitwanga na kuitia kwenye maziwa ya moto yasiyochemka, yataganda hata kama ng'ombe kakamuliwa asubuhi hiyo. Kusini mwa China hufanya hivyo makusudi: maziwa ya moto yenye sukari humiminwa juu ya maji ya tangawizi, yakaganda yakaliwa kwa kijiko. Kwa chai, anza na maji na tangawizi, yatokote dakika 5, tia majani, maziwa yafuate. Joto hukiua kimeng'enya. Yakikatika hata baada ya hapo, sasa yalaumu maziwa: yameanza kuchacha.

"Maji huchemka kwa nyuzi 100." Dar es Salaam, sawa. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 95; Moshi, iliyo chini zaidi, ni 97 hivi. Majani meusi ukiyamwagia maji kikombeni Arusha, funika na uyaache dakika 5; kwa 3 chai hutoka nyepesi.

"Chai ya kijani ni chungu kwa asili." Uchungu mwingi ni wa maji ya moto kupita kiasi. Changanya vikombe 3 vya maji yanayochemka na 1 cha maji baridi, utapata nyuzi 80 hivi. Dakika 2 tu, kisha chuja. Na mmea ni uleule wa chai nyeusi.

"Chai ni ya kunywa, tena na sukari." Watibeti huitia siagi na chumvi. Myanmar majani yaliyochachushwa huliwa kama kachumbari, pamoja na karanga na vitunguu saumu vya kukaanga. Rahisi kujaribu hapa ni mayai ya Kichina: chemsha 6 kwa dakika 8, yapasue maganda kwa mgongo wa kijiko bila kuyamenya, yarudishe kwenye nusu lita ya maji, vijiko 2 vya chakula vya majani, 4 vya sosi ya soya na kijiti cha mdalasini. Moto mdogo dakika 30, epua, yalale humo kwenye friji. Ukiyamenya kwanza unakosa michirizi. Nyufa zikiwa ndogo mno, rangi haipenyi vizuri.

"Chai ya barafu yenye ukungu imeharibika." Hapana. Tanini (kinachoipa chai ukakasi) na kafeini hushikana chai ikipoa haraka. Ongeza maji ya moto kidogo, itang'aa tena.